Una Neno na Mtu?

9 Machi

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Huku nyumbani tuko salama, ukiacha goti la mke wangu na hili ninalotaka kukuandikia. Mama alituamuru tangu Novemba kwamba simu ikae kando, tuandikiane, maana kwenye karatasi mtu hawezi kumkatiza mwenzake. Imenichukua miezi minne kushika kalamu. Nakiri mapema ili usinikumbushe.

Habari za uchaguzi sirudii. Umepita, Mheshimiwa wa chama chetu ameshinda, ninyi mmeshindwa, Mungu ameamua. Nakuandikia juu ya Mama.

Jumapili iliyopita ilikuwa Meza ya Bwana, mkate na kikombe, ile yetu ya kila miezi mitatu. Mama hakuja. Desemba pia hakuja, nikadhani ni miguu. Safari hii miguu ilikuwa mizima, kwani asubuhi ile ile alitembea hadi dukani kununua chumvi, akarudi, akakaa barazani kuchambua maharage huku sisi tukimpita na Biblia zetu. Nikamwambia, "Mama, tunachelewa." Akasema, "Nendeni. Mimi bado." Bado nini, hakusema.

Unajua utaratibu wetu. Wiki moja kabla ya Meza, wazee wa kanisa tunapita nyumba kwa nyumba, na kila mshirika tunamuuliza swali moja: una neno na mtu? Mwenye neno na mwenzake hakaribii Meza mpaka wapatane. Mimi nina nyumba arobaini na moja. Mama nilimuuliza hapa hapa nyumbani, daftari mkononi, kama ninavyomuuliza mtu yeyote. Akasema, "Mimi binafsi sina." Nikaandika: hana. Sasa kama hana neno na mtu, na miguu ni mizima, anazuiwa na nini?

Mimi naamini ni aibu. Picha yako ilitoka gazetini, umevaa sare yako ya ukunga, umesimama jukwaani na watu wanaotaka sala iondolewe shuleni. Gazeti hilo lilipita benchi hadi benchi kanisani kwetu. Mama wa watu atainuaje uso? Mwandikie Mchungaji barua, umwombe radhi, isomwe mbele ya kanisa. Mama atarudi.

Usilichukulie jambo hili kimzaha. Kanuni ya kwetu ni kwamba anayekosa Meza mara nne mfululizo bila sababu, jina lake linasomwa mbele ya watu na kufutwa katika daftari la washirika. Na asiyekuwa kwenye daftari hazikwi na kanisa. Mama amekosa mara mbili. Anayesoma majina hayo ni karani wa baraza la wazee, na karani unamjua.

Kakako,
Mzee wa Kanisa


27 Machi

Kwa Mzee wa Kanisa, zamani Bwana Amina,

Barua yako nimeisomea wodini, nimesimama, kati ya uchungu wa mama mmoja na wa mwingine. Nilicheka niliposoma "habari za uchaguzi sirudii", kisha mistari miwili mbele Mungu akawa ameshapiga kura.

Umesahau kwa nini uliitwa Bwana Amina? Baba alikuwa hajamaliza kuombea chakula, wewe umeshasema Amina na kijiko kiko mdomoni. Mimi nikaitwa Mbona, kwa sababu nilikuwa bado nauliza mbona tunaomba chakula ambacho tayari kiko mezani. Hatujabadilika. Wewe unafunga, mimi nauliza.

Basi nauliza. Mbona hukuandika habari ya kitambaa? Kile cheupe cha Meza ya Bwana, alichokidarizi Mama miezi yote ya mimba yangu, chenye zabibu na ngano kwenye pembe. Nimesikia kilikunjwa Novemba kikatiwa kabatini. Juu ya Meza sasa kuna kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, ambayo kwa bahati tu ndiyo rangi ya chama cha Mheshimiwa, kilichotolewa na Mheshimiwa, kikashonwa na fundi cherehani mmoja ninayemfahamu. Nani kaniambia, hilo si lako. Mama anaalikwa kula juu ya bendera ya chama, halafu wewe unatafuta sababu kwangu!

Na kwa kuwa umelitaja jukwaa, nikueleze nilivyolipanda. Mheshimiwa alipokuwa waziri alikuja hospitalini kwetu kufungua lango. Lango, kaka. Lina nguzo mbili, taa nne na jina lake. Ndani ya lango hilo wodi yangu ina vitanda tisa na kina mama kumi na saba. Mwezi ule ule mmoja alinifia mikononi, damu ikimtoka, kwa sababu friji ya kuhifadhia damu ilikuwa imekufa kabla yake. Nilimfunika kwa shuka aliyokuja nayo. Kisha nikapiga magoti pale pale nikaomba, na nilipoinuka nilijua nitakwenda kusimama wapi. Usidhani Mungu anasikiliza upande wako tu wa kanisa. Na hakuna aliyesema sala iondolewe shuleni. Ilisemwa kwamba watoto wa dini nyingine wasilazimishwe yetu.

Meza ya Bwana naila hapa kwangu kila inapoandaliwa, na mkate haujawahi kunikwama kooni. Mchungaji wenu simwombi radhi. Rudisheni kitambaa cha Mama.

Mkunga


14 Aprili

Mkunga,

Nyani haoni kundule. Unakiona kitambaa changu, hulioni jukwaa lako.

Kwanza, niambie ni nani anayekupelekea habari za nyumba hii. Nimeuliza hapa, kila mtu anatazama dari.

Pili, kitambaa kile nilikishona kwa moyo wangu wote, na rangi yake ni ya damu ya Bwana. Najua utasema inaitwa damu ya mzee. Sema.

Tatu, umesimulia la lango, nami nilikuwa silijui, nikamsikitikia yule mama. Sasa na wewe sikiliza. Watu wako walipokuwa madarakani, mkuu wa wilaya alikuja kuifunga shule yetu ya chekechea ya kanisa. Vyoo vilipungua kimoja. Akatia kufuli, akabandika karatasi yenye muhuri. Watoto sitini wakasomea nyuma ya kanisa, juani na mvuani, misimu miwili ya mvua. Choo tulikijenga ndani ya wiki tatu. Kufuli halikutoka. Tuliandika barua kumi na moja, mimi ndiye niliyeziandika. Binti yangu alikuwa miongoni mwa wale watoto. Alipata homa ya mapafu, tukalala naye hospitalini siku kumi na mbili, mke wangu akawa anazungumza na ukuta.

Mheshimiwa, alipopata uwaziri, alikuja Jumapili moja tu. Akaliona kufuli, akapiga simu moja, Jumatatu likatolewa. Siku ile alipiga magoti mbele yetu na Mchungaji akamwekea mikono. Najua pia utakalosema, kwamba hata ngamia hupiga magoti ili apakiwe mzigo. Sema na hilo. Wewe unakumbuka lango, mimi nakumbuka kufuli.

Kitambaa hakitoki. Barua ya radhi naisubiri. Juni inakuja.

Mzee wa Kanisa


2 Mei

Kaka,

Sikujua kwamba mtoto aliugua. Siku kumi na mbili! Mimi ni shangazi yake, na ni mtu wa hospitali, mbona hamkuniita? Au tayari nilikuwa mmoja wa "ninyi"?

La kufuli ni baya, wala sina la kulitetea. Aliyelitia alikuwa mjinga mwenye muhuri, na wajinga wenye mihuri wapo kwenye kila chama. Lakini mtu akikufungulia mlango unamshukuru, humpi nyumba. Ninyi mmempa hadi Meza.

Niliketi niandike barua ya upole zaidi ya hii. Nilipofika hapa nikayakumbuka maneno yako ya mwisho kwenye simu ile ya Novemba, kalamu ikakauka. Sitayarudia. Unayajua. Nami najua niliyokuambia mimi.

Mkunga


8 Juni

Mkunga,

Nimefanya ulivyotaka, na nataka ujue imenigharimu nini.

Ijumaa kabla ya Meza nilikwenda kanisani na ufunguo wangu wa karani, nikakitoa kitambaa kipya, nikakitandika cha Mama. Nilikipiga pasi mwenyewe. Pembe moja nyuzi za zabibu zilikuwa zimeachia, nikazishika kwa sindano. Jumapili Mchungaji alipoingia akakiona, akanitazama mimi, hakutazama mtu mwingine. Baada ya ibada akaniuliza ni nani kanituma. Nikamwambia nimejituma. Akasema alidhani mimi ni mtu wa msimamo. Mimi! Majoho ya kwaya niliyokuwa nimeanza kuyakata yamehamishiwa kwa fundi mwingine, ambaye hata kola hajui kuigeuza.

Na Mama? Jumamosi nilimwambia, "Mama, kitambaa chako kimerudi mezani." Akatabasamu. Akasema, "Vizuri. Kabatini kilikuwa kinakunjika vibaya." Nikangoja aniambie nimtolee viatu. Akaomba ungo wake wa maharage.

Hakuja. Ni mara ya tatu.

Kwa hiyo haikuwa kitambaa, Bibi Mbona. Ilikuwa ni wewe, kama nilivyosema tangu mwanzo, nami nimemuudhi Mchungaji wangu kwa ajili ya dhana yako. Sasa zamu yako. Au Mama azikwe na majirani tu, ili wewe ubaki na msimamo wako?

Mzee wa Kanisa


23 Juni

Mzee wa Kanisa,

Nakala hii hapa. Ya asili imekwenda kwa Mchungaji kwa njia ya posta.

"Mchungaji, mimi ni binti wa mshirika wako. Picha yangu gazetini iliwakwaza baadhi ya watu wa kanisa lako. Kwa kukwazika kwao naomba radhi. Wasimhesabie mama yangu jambo nililolifanya mimi. Mkunga."

Niliiandika mara sita. Ya kwanza ilikuwa na matusi, ya pili ilikuwa na mistari ya Biblia, ambayo ilikuwa mibaya zaidi. Nimemwomba radhi mtu ambaye hajawahi kuniuliza hata jina la yule mama aliyekufa, na ambaye aliligeuza kanisa la baba yangu kuwa ukumbi wa kampeni. Nimeimeza kama dawa chungu, pua nimeibana. Ukiona neno hata moja ndani yake linalotoka moyoni, ni lile la mama yangu.

Isomeni. Mkimaliza, mtolee Mama viatu.

Mkunga


16 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilisomwa Jumapili mbili zilizopita. Watu walisema amina. Mchungaji alisema kondoo mmoja amerudi zizini. Nilijua ungelisikia neno hilo ungevunja kitu, na kusema kweli hata mimi lilinikaa vibaya.

Nilikwenda mbio nyumbani kumsomea Mama. Nilimsomea taratibu, mara mbili. Akasema, "Barua nzuri. Amemwandikia Mchungaji." Nikasema, "Ndiyo, Mama, amemwandikia Mchungaji." Akasema tena, "Mchungaji," kama anayeonja chumvi, akaendelea na maharage yake. Nikamuuliza, "Septemba utakuja?" Akasema, "Mimi bado."

Nimechoka. Nilipaza sauti, nikamwambia, "Mama, unataka nini?" Mke wangu akatoka jikoni akanitazama hivi, nikaenda kukaa kwenye cherehani nikashona mshono mmoja mara tatu.

Baraza la wazee limekaa. Niliomba Mama asamehewe kwa ajili ya umri. Mchungaji akauliza ni nani aliyeiandika kanuni ya mara nne. Wakageuka wote. Ni mimi, miaka minane iliyopita, kwa ajili ya walevi wawili. Nikaambiwa kanuni haina mama wala mjomba. Jumapili ya kwanza ya Septemba, Mama asipokula, nitasimama mbele ya watu niliokua nao na kusoma jina la mwanamke aliyenizaa.

Kitambaa kimerudi. Radhi imeombwa. Sina jingine la kufanya, na wewe huna. Niambie kama unalo.

Kakako


3 Agosti

Wanangu wawili,

Anayeandika ni mke wa Fundi, lakini maneno ni ya Mama. Nimeambiwa nisiongeze wala nisipunguze. (Nikiongeza nitatia mabano.) Nakala moja inakwenda kwako wifi kwa posta, nyingine naibana kwenye cherehani, baba watoto ataikuta asubuhi akikaa kazini.

Macho yangu hayaoni tena herufi, lakini masikio ni yale yale. Barua zenu zote nimesomewa, zako binti yangu na zake pia, kwa sababu karani haachi kuweka nakala, na mkamwana wangu anajua kufungua droo. (Samahani, baba watoto.) Hata habari ya kitambaa ni mimi niliyesema uandikiwe. Nilidhani utapata sababu ya kumsalimu kakako. Ukaifanya rungu.

Mnaandika vizuri. Mkiwa na hasira mnaandika vizuri zaidi. Lakini kila mmoja amenifanya mimi shahidi wake, na mimi sikuitwa mahakamani. Aibu sina. Gazeti lile liko chini ya godoro langu, nimeambiwa sare ilikukaa vizuri. Wala kitambaa sikukisusia. Nguo ni nguo, tungekula hata juu ya gunia. Kura yangu hakuna aliyeniuliza, na sitawaambia.

Sasa sikilizeni. Novemba nilikuwa nimekaa barazani. Simu ya Fundi ilikuwa juu ya cherehani, sauti ameifungua yote kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini. Nikamsikia mwanangu wa kike akisema, "Mimi sina kaka, nina kibaraka." Nikamsikia mwanangu wa kiume akijibu, "Na mimi kuanzia leo sina mdogo." Kisha cherehani ikaendelea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba cherehani iliendelea. Kama huyu hana mdogo, na yule hana kaka, mimi nimezaa nani?

Wiki tatu baadaye akaja na daftari lake. Una neno na mtu? Nikasema mimi binafsi sina. Nilikuwa bado na maneno mengine mdomoni, kwamba nyumba yangu inalo. Yeye alishaandika, akafunga daftari, akaenda kwa jirani. Machi akaja tena, hivyo hivyo. Ni yule yule, anasema Amina kabla sala haijaisha. Ameuliza nyumba arobaini na moja. Moyo wake mwenyewe hakuubishia hodi.

Na Meza mmeila wote wawili. Yeye anaigawa kwa mikono yake, wewe unaila huko na mkate haukukwami. Nikaona mtu mmoja wa nyumba hii lazima abaki na njaa, vinginevyo lile swali ni mchezo tu. Nikawa mimi.

Sikuwaambia kwa sababu mtoto akiambiwa mwombe mwenzako radhi, huomba kwa mdomo tu. Nikangoja. Mmerudisha kitambaa, mmemwandikia Mchungaji, mmebisha kila mlango wa mtaa, mmoja tu mmeuruka. Nami nimezeeka kwa kungoja. Septemba nikisomwa, nisomwe. Naogopa, nisiwadanganye. Sitaki kuzikwa bila wimbo. Lakini sitakula.

Ni mimi, mama yenu.

(Wifi, nilipoolewa hapa niliambiwa: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nimelima miezi tisa. Shamba limekwisha, sasa nalima barabara.)


21 Agosti

Kaka,

Barua ya Mama niliisomea stoo ya wodi, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kwanza nilimkasirikia. Mbona hakusema? Kisha nikafungua barua yako ya Julai, nikakuta alisema. "Amemwandikia Mchungaji." Sisi ndio tuliokuwa na kelele.

Niliomba likizo nije Septemba. Nimenyimwa. Tumebaki wakunga wawili, wa tatu amejifungua, hata hasira nimekosa wa kumwekea. Kwa hiyo nina karatasi hii tu.

Kura yangu siiombei radhi. Jukwaa siliombei radhi, ningelipanda tena kesho. Nakuomba radhi kwa neno kibaraka. Nilijua nikilisema kwamba si kweli. Nililitafuta neno la kukuuma, na nililipata upesi kwa sababu nakujua tangu tukilala kitanda kimoja. Mikono niliyoitukana ndiyo iliyonishonea sare yangu ya kwanza ya shule kutoka kwenye suruali ya Baba, ukiwa na miaka kumi na mitatu, mguu mmoja wa sketi ukiwa mrefu kuliko... ngoja, sketi haina miguu, lakini ile yako ilikuwa kama inayo. Nilivaa miaka mitatu.

Nina hasira bado. Hata sasa kalamu inataka kuandika "lakini". Nimeikataza.

Jumapili iliyopita kulikuwa na Meza hapa. Nilibaki kwenye benchi. Jirani yangu akaninong'oneza, "Unaumwa?" Nikamwambia ndiyo.

Tafadhali, kaka. Usisome jina la Mama.

Mbona


4 Septemba

Mbona,

Barua yako ilifika jana mchana, nikiwa kwenye nyumba ya thelathini na nane. Nilimaliza zilizobaki. Kisha nikarudi hapa, nikafungua daftari ukurasa mpya, nikamwita mke wangu awe shahidi, nikajiuliza kwa sauti: una neno na mtu? Nikaandika: ninalo. Na nani? Na mdogo wangu. Tangu lini? Novemba. Umekula Meza mara ngapi? Tatu.

Leo baada ya neno Mchungaji aliniita nisome. Mama alikuwa amekuja, amekaa nyuma kabisa na mke wangu, amevaa viatu vyake. Alikuja kusikia anavyofutwa. Nikafungua daftari, nikaliona jina lake juu, kwa mwandiko wangu. Nikageuza ukurasa. Nikasoma langu.

Mchungaji akaninong'oneza, "Karani, umeruka jina." Nikamwambia, "Nimeanza na lililotangulia." Nikawaeleza watu. Nilisema kwamba kwa miezi kumi nimewauliza wao nisichojiuliza, kwamba mama yangu amekaa na njaa kwa ajili yangu na mimi nikimwandikia "hana". Siasa sikutaja. Nikaweka daftari mezani, juu ya zabibu za Mama, nikaenda kukaa benchi la mwisho.

Mama akainuka. Mke wangu akamshika kiwiko, akatembea njia yote ile ya katikati, na Mchungaji alipomwona amesimama mbele yake hakuuliza kanuni. Akampa mkate. Mama hakuutia mdomoni. Akarudi nao mkononi hadi benchi langu, akaumega vipande vitatu. Kimoja akala. Kimoja akanipa. Nikasema, "Mama, mimi nimejitoa." Akauliza, "Mdogo wako amekuomba radhi?" Nikasema ndiyo. "Na wewe umemwomba?" Nikasema bado. "Basi kaa nacho. Ukishaandika, ule."

Kwa hiyo naandika, kipande changu kiko hapa juu ya cherehani. Nilisema sina mdogo. Nilisema uongo, na nilijua ni uongo, nikakanyaga cherehani ili nisijisikie. Nisamehe. Mheshimiwa nitampigia kura tena, na najua wewe utaenda kusimama kwenye jukwaa lolote litakaloahidi friji ya damu, na nikifikiri sana naona ningekushikia ngazi. Mengine yote nitakubishia mpaka tuote mvi. Simu naiwasha kesho. Anza wewe.

Kipande cha tatu kimo ndani ya bahasha hii, kimefungwa kwa leso ya Mama. Huenda kitafika makombo. Kanuni hairuhusu mkate wa Meza kusafiri kwa posta. Naijua kanuni, niliiandika mimi.

Kula, mdogo wangu. Na mimi ndiyo nakula sasa.

Kakako,
Bwana Amina